Uteuzi wa Huduma katika Java: Somo Kutoka kwa Alomofu

Katika isimu, mofimu moja kudhihirika kwa maumbo mbalimbali si jambo geni. Mofimu ya wingi katika ngeli ya KI-VI hujitokeza kama vi- katika vitu na kama vy- katika vyakula. Linalomshughulisha mwanaisimu ni kanuni: mazingira yapi huteua umbo lipi. Swali hilohilo limo katika programu za Java zinazojengwa kwa moduli.

Tangu toleo la 9 la Java lilipotoka mwaka 2017, moduli moja hutangaza huduma inayoihitaji na nyingine hutangaza huduma inayoitoa. Kiolesura ni mithili ya mofimu. Kila utekelezaji wake ni mithili ya alomofu. Hata hivyo, watoaji wa huduma wanapokuwa katika moduli tofauti, mfuatano wa moduli hizo haukuainishwa. Mwandishi wa programu anayemchopeka mtoaji wa kwanza kupatikana hajateua, bali amebahatisha.

Ichukuliwe, kwa mfano, programu ya bei za soko inayokusudiwa kutumika Simbo, mkoani Kigoma, na pia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huduma yake ya istilahi ina watoaji wawili: Kiswahili Sanifu na Kiswahili cha Kongo. Kinachoitwa mkaa Simbo huitwa makala Lubumbashi, na makala kwa msomaji wa Simbo ni andiko la gazetini. Mtoaji asiyefaa akichopekwa, programu haikwami wala haitoi onyo. Anayepotoshwa ni mnunuzi.

Yaweza kudaiwa kwamba kompyuta iachiwe iteue kwa kufuata nchi iliyowekwa katika mipangilio yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini mpaka wa nchi si mpaka wa lahaja. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo. Wakazi wa namna hiyo wamo Tanzania, ilhali usemi wao ni wa ng'ambo. Nchi peke yake, basi, si mazingira toshelevu.

Njia iliyo bora ni kumpa kila mtoaji alama bainishi, kama kiwango cha JSR 330 cha mwaka 2009 kinavyoruhusu, na anayeihitaji huduma aitaje alama hiyo. Spring, ikikuta watoaji wawili wasiobainishwa, hukataa kuendelea. Kukataa huko ni fadhila, kwani hulazimisha uamuzi ufanywe na mtu.

Kiunguja kilipoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, Kongo haikuwamo katika mpango huo. Uteuzi ule hata hivyo ulijulikana, ndiyo maana umejadiliwa na kukosolewa hadi leo. Uteuzi uliofichika ndani ya programu haukosoleki. Kiswahili Sanifu kiwe chaguo la msingi, ila kiwe hivyo kwa tamko lililoandikwa, wala si kwa sadfa ya mfuatano wa moduli.