Umeme wa Kaskazini: Gesi ikiisha, maji ya Kilimanjaro yatagawanywaje?

SEHEMU kubwa ya umeme unaotumika Moshi hutoka mbali. Husafiri kwa laini ndefu, mojawapo ikitoka Chalinze kupitia Hale hadi kituo cha Kiyungi, na mwingine hupotea njiani.

Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema upotevu huo hugharimu takriban Sh32 bilioni kwa mwaka, hivyo Serikali ingenunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya Kaskazini.

Kauli hiyo inagusa suala zito zaidi. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufua umeme mwaka 2004, pamoja na ya Mnazi Bay, kwa miaka kadhaa zilitoa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi. Lakini gesi si mgomba. Ikishavunwa haichipui tena. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limepunguza utegemezi huo, ila Rufiji bado iko mbali na Moshi.

Kaskazini ina mitambo yake katika Mto Pangani: Nyumba ya Mungu iliyojengwa kutoa megawati 8, Hale 21 na Pangani Mpya 68. Yote hutegemea maji ya Kilimanjaro na Meru.

Hata hivyo, maji hayo ndiyo yanayojaza mifongo ya migomba na kahawa mlimani, na kumwagilia mpunga wa mradi wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987. Mkulima anapofungua mfongo wake, maji ya mitambo hupungua.

Kumwamuru aufunge si jawabu, kwani hayo ndiyo maisha yake. Jawabu ni kupunguza maji yanayopotea. Mifongo mingi ya udongo huvujisha maji kabla hayajafika shambani.

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, hutoza ada za matumizi ya maji. Sehemu ya ada ya mitambo ikirudi vijiji vya juu kusakafia mifongo na kutunza chemchemi, mkulima atapata maji yake na mtambo utapata yake.

Bila makubaliano ya namna hiyo, kila kiangazi kitawagombanisha wa mlimani na wa bondeni, na Kaskazini itaendelea kununua umeme kwa jirani.