Golgota ya Lubumbashi ifike kwa watoto wetu

Mwaka 1750 Mfaransa François Boucher alimchorea Madame de Pompadour picha ya kuzaliwa kwa Yesu. Wachoraji wa enzi ile walianza kwa chaki: nyeusi, nyeupe, na ile nyekundu, ambayo ni udongo wenye chuma tu, ndugu wa vumbi linalotujaa viatuni kila kiangazi. Katika michoro ya Boucher, Maria na wachungaji wana mashavu ya watu wa Paris. Simlaumu. Alichora Injili kwa nyuso alizozijua.

Mimi ni katekista hapa Lukafu, na neno langu ni kwa mapadri, wachungaji na wakuu wa shule. Kwa nini kalenda na vitabu vyetu vya dini vinaendelea kuwapa watoto nyuso za Ulaya, na Katanga hii ina Golgota yake?

Aliichora Tshibumba Kanda-Matulu, miaka ya 1970. Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, amelala chini, amekufa, pamoja na Mpolo na Okito waliouawa naye tarehe 17 Januari 1961, porini, si mbali na Lubumbashi. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Mtazame Lumumba ubavuni: damu inachuruzika hadi ardhini, na pale inaandika neno umoja, kwa Kifaransa. Mtoto aliyesikiliza masomo ya Ijumaa Kuu hahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo watakaosema ni kufuru. Ni kweli, Tshibumba alimwambia Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu wakati ule, kwamba kwake Lumumba ni Yesu wa Zaire. Mimi siendi mbali hivyo. Lakini damu ya asiye na hatia inalia katika Biblia tangu Abeli, na mahali pa kuizungumzia ni kanisani.

Picha zaidi ya 100 alizomchorea Fabian zilikwenda Amsterdam. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena tangu miaka ya 1980. Nakala, basi, tunazidai: zichapwe, zitundikwe kwenye kuta za parokia na madarasani.

Na watoto wapewe nafasi ya kuchora. Wangu huchora kwa makaa na kipande cha tofali, juu ya sementi. Katika safari ya kukimbilia Misri, binti mmoja alimpandisha Maria kwenye baiskeli ya muuza makaa, mtoto mgongoni, Yosefu akisukuma kwa kifua kwenye mlima. Magurudumu aliyapaka tofali, kwa sababu barabara ni nyekundu. Kazi hiyo parokia ingeiweka ukutani leo, bila kungoja ruhusa ya mtu.