Dizaina Hanunui Nembo

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye maikrofoni ya shavuni aliwaambia wabunifu wa michoro waliojazana ukumbini kwamba methali ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" imepitwa na wakati. Siku hizi, alisema, dizaina wa kujitegemea asiye na chapa binafsi hayupo sokoni hata kama ana mkono wa dhahabu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kiingilio kililipiwa, chai ilikuwa ya maziwa ya unga, na kila mtu alirudi kwake na kazi ya nyumbani: achague rangi zake, "sauti" yake, na picha yake akiwa amekunja mikono. Mimi nilirudi na kichwa kinaniuma.

Tuanze na hiyo picha. Zipekue kurasa za madizaina wetu Instagram uone: miwani ileile, kofia ileile, mikono imekunjwa vilevile. Chini yake pameandikwa "Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji" wa kampuni ambayo mali yake yote ni kompyuta mpakato moja na waya wa ekstensheni anaoutumia kwa zamu na fundi simu. Wamefundishwa wajitofautishe, wametoka wamevaa sare.

Sasa niulize: anayetazama yote hayo ni nani? Soma maoni yaliyo chini ya kazi zao. "Kaka unatisha." "Noma sana." "Moto!" Fuatilia hao wanaoshangilia, ni madizaina watupu. Na dizaina hanunui nembo. Anayo programu, anayo mikono, na akikwama anamuomba rafiki yake bure. Unakesha kuwapendeza watu ambao hawatakupa hata shilingi, tena baadhi yao wanakuvizia mteja.

Mwenye hela yuko kwingine. Yule mama wa Kariakoo anayetaka lebo ya mafuta yake ya nywele hajui kama una "sauti". Anavuka barabara kwa jirani yake, anainua chupa, anauliza: "Hii nani alikuchorea?" Jirani anafungua simu, anatoa namba aliyoihifadhi kwa jina la "Dada Lebo". Basi. Hiyo ndiyo chapa binafsi, na hukuichagua wewe, umepewa na mtu uliyemfanyia kazi ikamridhisha.

Mnadhani natania? Ndugu yangu alikuwa anaoza binti, na kamati ya harusi, ambayo kama kamati zote za harusi mjini hapa ilikuwa na wajumbe wengi kuliko wachangaji, ikapiga kelele kwamba kadi za mchango lazima zichorwe na dizaina "mwenye jina". Akapatikana. Wafuasi kibao. Faili lake lilipofika kwa mchapaji, picha ya maharusi ilikuwa imetolewa WhatsApp, rangi zilikuwa za kupendeza kwenye kioo cha simu, si za kuchapia, na hakuacha hata zile milimita 3 za pembeni za kukatia. Kisu kilipopita kikaondoka na tarakimu mbili za namba ya mweka hazina. Kadi ya mchango isiyo na pa kutuma mchango!

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa ghorofani, Kariakoo hukohuko, mtandio begani, kikombe cha chai kimepoa pembeni. Akafungua faili, akasogeza maandishi ndani, akaacha nafasi ya kisu, akabadili rangi ziwe za CMYK. Kisha akamwambia mweka hazina aisome namba yake kwa sauti, naye akawa anaifuata kwa kidole kwenye kioo, tarakimu moja moja, mara ya kwanza na mara ya pili. Kama ana ukurasa mtandaoni sijui, wala sikuona haja ya kuuliza. Nje ya mlango wake benchi lilikuwa limejaa wateja.

Tena imani hii ya chapa binafsi haikuzaliwa kwa madizaina. Mwaka 1997 mshauri wa biashara wa Marekani, Tom Peters, aliandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu ajione ni kampuni na ajitangaze kama bidhaa. Wakati huo Peters alikuwa na kitabu kilichokwisha kuuzwa kwa mamilioni. Aliyeshiba anamfundisha mwenye njaa namna ya kupiga mbweu!

Wapo watakaonijibu, "Mbona Tingatinga jina lake limekuwa chapa?" Ahsanteni kwa kunisaidia. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli, picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka michache tu. Hakukunja mikono mbele ya kamera ya mtu. Watu walinunua, wakarudi kutaka nyingine, na aliowafundisha wakaendeleza mkono wake.

Mwingine atanitajia Mzee Francis Maige, maarufu Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji wa Nembo ya Taifa, akafariki Muhimbili mwaka 2017 baada ya kuishi kwa dhiki Buguruni. Eti angejijengea chapa! Wako wengine pia wanaotajwa kuichora nembo hiyo, na ubishi haujaisha. Ubishi wa namna hiyo humalizwa na karatasi yenye saini, wafuasi hawaumalizi.

Kibaya zaidi, wateja nao wameambukizwa. Unamfanyia mtu kazi, ukidai chako anakwambia, "Nitakutaja kwenye ukurasa wangu, utajulikana." LUKU haipokei kutajwa. Mama ntilie naye hapokei. Na ni nani aliyemfundisha mteja kwamba kujulikana ni malipo? Ni ninyi, mnaosema kila siku kwamba mnatafuta kujulikana.

Ukiwa na hela ya kuchezea jina lako, ipeleke BRELA ukasajili jina la biashara. Chukua TIN. Jifunze kuandika ankara inayosomeka, dai nusu ya malipo kabla hujafungua Illustrator, na uandike mteja atarekebishiwa mara ngapi kabla hajaanza kulipia upya. Ofisi yenye fedha itakuuliza risiti, wafuasi wako haina kazi nao. Halafu kazi uliyoahidi Ijumaa ifike Ijumaa. Mjini hapa utajikuta miongoni mwa wachache mno, na hakuna haja ya kulipa kiingilio ukafundishwe hilo.