Mamba Si Aligeta: Majibu kwa Wavuvi wa Terrat

Vijana wa Terrat, hapa Arusha, wakipanga safari ya kwenda kuvua Bwawa la Nyumba ya Mungu, mazungumzo hayakosi mamba. Wengi wameona kwenye simu video ya Mmarekani kule Florida, ameketi ndani ya kayaki, ndoano iko majini, na aligeta anaelea pembeni yake bila ugomvi. Hapo madai huanza kumiminika, na mengine husemwa kwa uhakika wa kutisha. Nayajibu kwa sababu nawajua wanaoondoka alfajiri na ndoano zao, na nataka warudi.

Wanasema aligeta na mamba ni mnyama mmoja, kwa hiyo Mmarekani anachoweza, na sisi tunakiweza. Si kweli. Aligeta wako wa aina mbili tu duniani, wa Marekani na wa China, na katika mito na maziwa ya Afrika hayupo hata mmoja. Huku kwetu tuna mamba wa Nile, ambaye dume lake hupita mita nne na wengine hufika tano. Florida inakadiriwa kuwa na aligeta zaidi ya milioni moja, lakini tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1948, watu waliouawa na aligeta ambaye hakuchokozwa ni makumi machache katika jimbo zima. Mamba wa Nile, kwa makadirio ya wataalamu, huua watu kwa mamia kila mwaka barani Afrika. Aligeta kwa kawaida humwona mtu mzima kuwa mkubwa mno kwake. Mamba wetu amezoea kuvuta nyumbu na pundamilia wanaovuka mto, na mbele yake mtu ni windo dogo. Hata ngozi zao zinatofautiana. Vidoa vya hisia, vinavyompa mnyama habari za mtikisiko wa maji hata usiku wa giza, kwa aligeta viko kichwani tu, ilhali mamba wa Nile anavyo mwili mzima. Kijana anayepiga kasia akidhani hajasikika ameshasikika zamani.

Dai linalofuata ndilo linalonipa hofu zaidi: kwamba ukishakuwa ndani ya chombo, mamba hana habari nawe. Mwezi Desemba 2010, Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyewahi kuushuka Mto Nile hadi baharini na aliyeijua mito ya ukanda huu kuliko wengi wetu, alikuwa akiwaongoza Wamarekani wawili kwa kayaki kwenye Mto Lukuga, mto unaotoka Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Walikuwa wakipiga makasia karibu karibu, watatu pamoja. Mamba akamtokea kwa nyuma na kumng'oa ndani ya kayaki yake. Wenzake walikuwa pale pale, wakashuhudia, na hawakuwa na la kufanya. Mwili wake haukupatikana.

Kayaki humkalisha mtu karibu usawa wa maji, kiuno chake na kifua chake vikiwa pale pale mamba anapotazama. Mtumbwi mzito wa mbao una nafuu kidogo kwa sababu kingo zake ziko juu, lakini angalia wavuvi wanavyofanya: samaki waliotungwa kwenye kamba wananing'inia ubavuni majini, wakitapatapa na kutoa damu, na mkono wa mvuvi unashuka kila dakika kuongeza mwingine. Chombo hicho kimeshageuka mwaliko. Samaki wawekwe ndani, kwenye ndoo yenye kifuniko, na mikono ibaki juu ya kingo.

Wako pia wanaosema haya yote hayatuhusu watu wa Arusha, maana Meru haina mamba. Hapa wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo niitetee. Pale Ziwa Duluti, Tengeru, ambako watu huendesha kayaki kila mwisho wa juma, anayewashtua wageni ni kenge. Kenge huogelea kichwa kikiwa juu, anaweza kukaribia mita mbili, na kwa mtu asiyemzoea mkia ule ni wa mamba kabisa. Maziwa ya Momella yana magadi, na wa kuogopwa kule ni kiboko, ambaye watu humdharau kwa kuwa anakula majani. Kiboko hahitaji njaa ili apindue mtumbwi. Inatosha kupita katikati yake na maji yenye kina, au katikati yake na mtoto wake. Mwongozaji akisema zungukeni mbali, zungukeni.

Lakini maji yetu hayaishii Arusha. Mto Themi unateremka kutoka Mlima Meru, unapita jijini, unaingia Kikuletwa, na Kikuletwa hukutana na Ruvu, ule unaotoka Ziwa Jipe, katika Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo ni Mto Pangani hadi baharini. Huko chini mamba wapo, na huko ndiko vijana wetu wanakokwenda kutafuta perege na kambale. Ukitoka Terrat, mahali usipowahi kuona mamba maisha yako yote, unafika bwawani na mazoea ya mtu wa nchi kavu. Unaingia majini hadi magotini kutupa ndoano, unaoga palepale ulipooga jana.

Kuhusu dai la kumkimbia mamba kwa zigizaga, nitasema kidogo tu. Mamba hafukuzi watu nchi kavu kwa mwendo mrefu. Mbio zake ni za hatua chache na anachoka upesi. Kimbia moja kwa moja, mbali na maji. Mashambulizi mengi hutokea ukingoni, na kwa kawaida yule anayeshambuliwa hakumwona mnyama kabla. Kwa hiyo anayejitapa kwamba macho yake makali yatamwokoa naye hana hoja. Mamba unayemwona akiota jua mchangani amekuonyesha alipo. Wa kuogopa ni yule aliyezama, na anaweza kukaa chini muda mrefu bila kuvuta pumzi.

Sasa nifike kwa mamba anayedaiwa kutumwa kwa uchawi. Dai hili nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, tena msibani, na najua uchungu unaolizaa. Mtu amechukuliwa mbele ya wenzake kumi, wao wamebaki, na swali ni kwa nini yeye. Mama mzee mwenye ugomvi na familia ile anatajwa, na kuanzia siku hiyo hana usalama. Naumia kuliandika hili, lakini jibu liko kwenye tabia za mnyama mwenyewe. Mamba hula kwa nadra, anaweza kukaa majuma bila chakula, na muda huo wote anasoma ukingo. Anajua ng'ombe wananyweshwa wapi. Anajua matumbo ya samaki hutupwa upande gani wa mwalo na ndoo huchotwa saa ngapi. Mtu yule alichukuliwa kwa sababu aliinama mahali palepale, saa ileile, siku baada ya siku. Katika mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Buchosa, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, imejenga vizimba vya chuma ndani ya maji ili watu wachote humo. Mnyama aliyetumwa kwa nguvu za giza asingezuiwa na nondo. Mamba huzuiwa nazo. Pale pasipo na kizimba, badilisheni mahali na saa za kuchota, parieni samaki mbali na maji, na yule mama mzee mwacheni aishi kwa amani.

Wengine wanataka mamba wauawe wote ili samaki warudi. Ni kweli mamba huchana nyavu, kwa sababu samaki walionaswa ni chakula kilichoandaliwa, na hasara hiyo ni kubwa kwa mvuvi mwenye nyavu mbili. Lakini samaki wa Nyumba ya Mungu wamepungua kwa makokoro na nyavu za matundu madogo zinazozoa vifaranga kabla havijazaa. Bwawa limewahi kufungwa kwa uvuvi ili samaki wapate nafasi ya kukua, na mamba walikuwemo muda wote huo. Tena kumwua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mamba aliyezoea kuvamia mwalo mmoja aripotiwe kwa ofisa wanyamapori, ambaye ana mamlaka ya kumwondoa.

La mwisho ni la wale wanaosema hakuna haja ya kuripoti kwa kuwa serikali haitoi kitu. Kanuni za 2011 chini ya sheria hiyo zilitambua kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama hatari, na kwa kifo ziliweka shilingi milioni moja. Kwangu mimi kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kwa familia iliyompoteza mtafutaji, na nitaendelea kusema hivyo. Lakini mtendaji wa kijiji asipoambiwa mapema hata hicho kifuta machozi hakitoki, na ofisi haitajua kwamba mwalo ule una mamba anayewinda watu. Nenda na shahidi, taja mahali na saa, na kama kuna majeruhi, weka karatasi za hospitali.