Wi-Fi ya Bure Ina Mwenyewe

Makamanda, juzi nilikuwa stendi nasubiri basi, bando limekata. Nikaona bango la Wi-Fi ya bure, nikajiunga fasta. Mpira unafunguka, miziki inafunguka, kubeti ndo usiseme. Nikajaribu kusoma habari moja kuhusu matumizi ya fedha za halmashauri: ukurasa umezuiwa. Nikamuuliza dogo wa kibandani, nani kazuia? Akacheka. "Bro, cha bure hakiulizwi."

Mimi nauliza.

Sipingi kila kichujio. Mtandao wa shule ukizuia picha za ngono, hakuna mzazi atakayelalamika. Shida ni kuzuiwa bila kuambiwa nani kaamua, kwa sheria ipi, na unalalamika wapi. Ukizoea kunyamaza kwa ukurasa mmoja pale stendi, utanyamaza hata nchi nzima ikizimwa.

Na tumeshazimiwa. Oktoba 2020, siku moja kabla ya kura, Twitter na WhatsApp zikagoma. Oktoba 2023 tukaambiwa tusajili VPN. Mei 2025 X ikafungwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa karibu siku tano. Dada yangu yuko Muscat, na kila jioni humtumia mama ujumbe wa sauti. Siku zile mama alikuwa anakaa na simu mkononi, anaitazama tu.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi mstaafu. Alikuwa na waya mrefu kutoka kwenye mwembe hadi kwenye paa. Sisi watoto tulimwita shushushu. Kumbe mzee wa watu alikuwa na redio ya ridhaa, ana leseni yake na jina la hewani linaloanza na 5H, anapiga stori na watu wa Japani. Hakuna mnara, hakuna bando, hakuna kampuni katikati. Wimbi linapanda, linagonga tabaka la juu la anga, linarudi chini maelfu ya kilomita mbali. Betri ya gari inatosha.

Si mchezo wa wazee tu. Tsunami ya Desemba 2004 ilipokata simu visiwa vya Andaman, mwanamama Bharathi Prasad wa India alikuwa Port Blair na redio yake. Yeye na wenzake ndio waliopitisha taarifa za walionusurika kwa ndugu zao bara.

Mzee wetu alifariki, redio ikauzwa kama chuma chakavu. Hakuna aliyerithi ujuzi, na mimi nimo. Aliwahi kuniita anifundishe, nikaona ushamba, WhatsApp si ipo? Hata Japani, iliyokuwa na vituo vya ridhaa zaidi ya milioni moja miaka ya 1990, leo haifiki nusu ya hapo. Tuliacha ujuzi, tukachukua urahisi. Na urahisi una swichi, swichi ina mwenyewe.

Tusidanganyane lakini. Redio ya ridhaa inataka leseni ya TCRA, maongezi yake ni ya wazi, na hairuhusiwi kwa biashara wala kurusha matangazo ya siasa. Serikali ikitaka inaifunga pia: Marekani iliwazima watu wa ridhaa mwaka 1917 na tena 1941, vita ilipoingia. Kwa hiyo redio haiwezi kuchukua nafasi ya haki. Haki yetu ya kutafuta na kupata habari iko Ibara ya 18 ya Katiba, na hiyo ndiyo ya kudai kwanza.

Naomba mawili. Moja, kwenye mkutano wa mtaa simama uulize: Wi-Fi hii ya umma inazuia nini, kwa amri ya nani? Majibu yabandikwe pale pale kwenye bango. Pili, kila tawi litafute vijana watano wajifunze redio na waombe leseni kihalali, wakati huu kumetulia. Maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023 hayakuuliza mtu kadi ya chama.

Kama mtaani kwenu bado kuna mzee mwenye waya juu ya paa, nenda kesho ukamsalimie. Mimi nilichelewa.