Mwenye virusi asihukumiwe kazini

Mwaka 1983 waligunduliwa nchini wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI, wote katika Mkoa wa Kagera. Wananchi wa huko, kwa kutojua ni nini kilichokuwa kikiwakondesha vijana wao, waliyaita maradhi hayo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa fahari ya wafanyabiashara wa mpakani. Kabla ya muongo ule kwisha, maradhi yalikuwa yamekwisha kufika kila mkoa wa Tanzania Bara, na mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa aliyatangaza kuwa janga la Taifa.

Tangu hapo imefanyika kazi kubwa ambayo haifai kubezwa. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure. Tangu mwaka 2016 mtu akionekana ana virusi huanzishiwa dawa mara moja, bila kungoja afya yake idhoofike kwanza. Leo wagonjwa walio wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Utafiti wa mwaka 2003-04 ulionyesha kuwa asilimia 7 ya watu wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Ule wa mwaka 2022-23, uliohesabu watu wa miaka 15 na kuendelea, ulionyesha asilimia 4.4.

Hata hivyo, utafiti huo wa mwisho una hesabu nyingine ambayo yatupasa kuisoma kwa makini. Miongoni mwa watu wazima wenye virusi, asilimia 82.7 walijua hali yao. Miongoni mwa waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa. Miongoni mwa waliotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mwalimu akiisahihisha karatasi hii ataona mara moja ni swali lipi lililotushinda. Hatukushindwa katika dawa, wala katika kuzitumia. Tumeshindwa katika lile swali la kwanza: kujua. Watu 17 katika kila 100 wenye virusi walikuwa wakiishi bila habari, na maambukizo mapya yalikadiriwa kuwa 60,000 kwa mwaka.

Kwa nini mtu asipime, ilhali kupima ni bure na dawa ni bure? Jibu halipatikani hospitalini. Linapatikana katika maofisi yetu na katika vyumba vya walimu. Ni hapo ambapo mtu aliyesoma, anayetegemewa kuwaelimisha wengine, humnong'oneza mwenzake kwamba fulani "amekanyaga miwaya". Ni hapo ambapo ruhusa ya kwenda kliniki huulizwa maswali kumi, na jibu hufika kijiweni kabla ya jua kutua.

Matokeo yake ni mazito. Mwalimu anayefundisha katika kata ya mbali huiogopa zahanati iliyo jirani, kwa kuwa anayegawa dawa ni jirani yake. Hupanda basi hadi wilaya nyingine, na kila safari hutunga uongo mpya wa kumweleza mkuu wake. Siku nauli inapokosekana, dawa nazo hukosekana. Virusi huamka, na vikizoea hali hiyo huweza kuwa sugu kwa dawa. Kadhalika mtoto aliyezaliwa na virusi, ambaye sasa yupo shule ya bweni, huficha vidonge vyake chini ya nguo sandukuni na kungoja taa zizimwe ndipo ameze. Siku ya ukaguzi vidonge vikimwagwa mbele ya wenzake, mtoto huyo huacha dawa, na aghalabu huacha shule. Nani wa kulaumiwa hapo, kama si sisi watu wazima?

Wapo wanaodai kwamba aibu ikiondolewa, uasherati utazidi. Hoja hii haina msingi. Tumekuwa na aibu kwa miaka arobaini na ushei, na aibu haikumzuia mtu kuambukizwa. Imemzuia kupima tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla ya kifo huwaambukiza awapendao. Kinyume chake, sayansi imethibitisha kwamba mtu anayemeza dawa zake barabara hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mama mjamzito akitumia dawa mapema na kuendelea nazo wakati wa kunyonyesha, huweza kumpata mtoto asiye na virusi. Basi ni nani wa kuogopwa: anayejua na kutumia dawa, au asiyejua na anayejiona mzima?

Kuhusu kujikinga, silaha zipo na hazipingani. Uaminifu katika ndoa na subira kwa vijana vina nafasi yake. Kondomu ina nafasi yake. Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, lakini haiiondoi. Wapo vidonge vya kujikinga kwa walio katika hatari kubwa zaidi. Aliyebakwa, au mhudumu wa afya aliyechomwa na sindano, awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita. Na tuseme wazi: mtu mzima mwenye mamlaka anayemrubuni msichana wa shule ni adui wa mapambano haya, hata akihutubia kila tarehe 1 Desemba.

Kwa anayeishi na virusi, ushauri ni mfupi. Kidonge kimezwe kila siku kwa saa ile ile. Kiwango cha virusi kipimwe kila inapopangwa. Kifua kikuu kichunguzwe, na akina mama wapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Asidanganywe na mtu yeyote aache dawa. Tulijionea mwaka 2011 maelfu wakimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na miongoni mwao walikuwamo wasomi na viongozi. Kikombe kimepita, virusi vimebaki.

Sheria haina utata. Sheria ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima, kutoa siri yake na kumbagua. Marekebisho ya mwaka 2019 yamemruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 kupima bila kungoja idhini ya mzazi. Utumishi wa umma nao una mwongozo wake wa mwaka 2014 juu ya UKIMWI mahali pa kazi. Karatasi tunazo, kinachotakiwa ni utekelezaji.

Jambo jingine ni kujitegemea. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi zilizokuwa zikiitegemea kwa dawa na vipimo zikapata somo chungu. Maisha ya mwananchi hayawezi kuning'inia kwenye kalamu ya mtu aliye ng'ambo. Mfuko wetu wa UKIMWI hauna budi kujazwa kwa jasho letu wenyewe.

Kwa hiyo tunawataka wakuu wa idara na wakuu wa shule wafanye mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha za kigeni. Watoe ruhusa ya kliniki bila kumhoji mtumishi ugonjwa wake. Wamteue mlezi mmoja mwaminifu katika kila bweni wa kutunza dawa za wanafunzi kwa siri. Na atakayetangaza siri ya mwenzake achukuliwe hatua za nidhamu, kama anavyochukuliwa mwizi wa mali ya ofisi. Heshima ya mtu ni mali kubwa kuliko samani za ofisi.