Lindo Lisilo na Likizo

Aijuaye kazi ya lindo anafahamu kwamba usiku mmoja wa uzembe waweza kubatilisha ulinzi wa mwaka mzima. Wiki hii nawaletea habari za lindo la namna nyingine, ambalo hushikwa na raia wa kawaida katika nchi ya New Zealand.

Tangu kale nchi kavu ya huko haikuwa na mnyama anyonyeshaye isipokuwa popo. Baadhi ya ndege wake, akiwemo kiwi, waliacha kuruka kwa kuwa hawakuwa na mnyama wa kumkimbia ardhini. Wageni walipowasili kwa vyombo vya bahari, wakaja na panya, paka na sungura. Sungura walipozidi kuteketeza malisho, katika miaka ya 1880 akaletwa stoti, mnyama mwembamba mfano wa nguchiro, ili awapunguze. Stoti akawageukia ndege. Dawa ikawa ugonjwa mpya.

Kiwi mkubwa hujitetea kwa miguu yake yenye nguvu. Bali kinda halishwi na wazazi. Hutoka mwenyewe kutafuta chakula angali mdogo, wala hawezi kupambana na stoti mpaka afikishe uzito wa kilo 1 hivi. Pasipo ulinzi, katika makinda 100, wapatao 95 hufa kabla ya kukomaa.

Ndipo wananchi walipojitolea. Katika vilima vilivyo magharibi ya Wellington, mji mkuu, ilitegwa mitego zaidi ya 4,000, mingi ikiwa mashambani mwa watu. Mtego huwekwa ndani ya sanduku la mbao lenye tundu dogo, ili kiwi asiweze kuingia. Wenye zamu huzunguka vilimani, humwondoa aliyenaswa, hubadili chambo na kutega upya. Mjini nako, familia hutega panya uani kwa siagi ya karanga.

Novemba 2022 kiwi walirudishwa katika vilima hivyo, baada ya kutoweka kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka uliofuata, 2023, makinda walipatikana humo, wameanguliwa porini.

Ushindi huo haukuletwa na silaha kubwa, bali na watu walioitimiza zamu yao hata siku ya mvua. Chambo kikioza, stoti hupita. Na kwa kuwa kila mwaka makinda wengine huanguliwa, lindo hilo halina likizo.